Ndugu Yangu Bila Nyongeza

Katika maneno yote ambayo mtoto hujifunza kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake, sidhani kama liko analolishika upesi na kulitumia kwa nguvu kuliko neno "changu". Hulisema akiwa ameng'ang'ania kikombe. Na pale mtoto wa jirani anapopanda mapajani pa mama yake, hulia "mama yangu!" kwa sauti ile ile aliyoililia kikombe. Kwake yeye kikombe na mama vimo katika safu moja. Baadaye walimwengu humfundisha kwamba kikombe chaweza kuwa cha mwenzake, na kwamba mama ana watoto wengine. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaorudi ukubwani kulitazama neno hilo upya na kujiuliza: ninaposema "changu" au "wangu", hasa huwa nimesema nini?

Mimi sikujiuliza swali hilo mpaka nilipofikia umri wa miaka 31, na aliyenilazimisha kujiuliza hakuwa mwanafalsafa wala kasisi. Ilikuwa ni sarufi ya Kitaliano.

Nilizaliwa Iringa, si mbali na misheni ya Tosamaganga, mahali ambapo wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901, walikuwa wamekwisha kukaa miaka mingi kabla yangu. Maneno yangu ya kwanza ya Kitaliano niliyaokota utotoni kwa mabruda mafundi waliokuwa wakizozana juu ya misumari na mbao. Nikawa mwalimu wa sekondari, na mwaka 1987 nikapata nafasi ya kwenda kuisoma lugha hiyo kwa utaratibu huko Perugia, katika Chuo Kikuu cha Wageni. Darasa letu lilikuwa ndani ya jumba kuukuu liitwalo Palazzo Gallenga. Tulikuwa watu wa mataifa mbalimbali, wote tumejikunyata ndani ya makoti, na wote tukiwa wajinga kwa kiwango kimoja. Hilo ni jambo jema sana kumpata mwalimu, msomaji wangu: kukaa tena kwenye dawati na kukosea.

Juma la nne au la tano tuliingia katika vivumishi vya kumiliki. Hapo kwa mara ya kwanza nikawa mbele ya wenzangu, wala si kwa akili zangu bali kwa urithi wa Kiswahili.

Jambo lenyewe ni hili. Katika Kitaliano neno la kumiliki halimfuati mwenye mali, linaifuata mali. Kitabu kina jinsi ya kiume, kwa hiyo kitabu changu ni "il mio libro". Nyumba ina jinsi ya kike, kwa hiyo nyumba yangu ni "la mia casa". Vitabu vikiwa vingi huwa "i miei libri", na nyumba zikiwa nyingi huwa "le mie case". Asemaye awe mwanamume au mwanamke, haidhuru kitu. Hata "il suo libro", yaani kitabu chake, hakikuambii kama mwenyewe ni bwana au bibi. Wenzangu waliozoea Kiingereza walihangaika mno, maana wao wamezoea kumtazama mwenye mali kwanza. Mimi nilikaa kimya nikitabasamu. Nani atamfundisha Mswahili kwamba ni kitabu changu, lakini nyumba yangu, ng'ombe wangu, maji yangu na mahali pangu?

Usiku wa siku hiyo nililala nikiliwaza jambo ambalo nilikuwa nimelitamka maisha yangu yote bila kuliona. Mimi ni yule yule mmoja, lakini kila ninachokidai hunivika vazi lake: ch-, y-, w-, p-. Mwenye mali haipi mali sura yake. Mali ndiyo inayompa yeye sura. Mtu hudhani amekipata kitu, kumbe naye amepatikana. Ukipata ng'ombe, utaamka saa za ng'ombe. Ukipata shamba, moyo wako utakuwa unatazama mawingu. Lugha hizi mbili, moja ya pwani ya Bahari ya Hindi na nyingine ya rasi iliyo katikati ya Bahari ya Kati, hazina undugu hata kidogo, lakini hapa zimekubaliana. Sisemi kwamba waliozitunga walikaa wakakusudia kutufundisha adabu. Nasema tu kwamba aliye tayari kufundishwa, hapo hupata somo.

Lakini somo lililonichoma lilikuja kesho yake.

Umeona, msomaji, kwamba kabla ya "mio" na "mia" kuna kineno kidogo, "il" au "la". Sisi hatuna kitu cha namna hiyo, kwa hiyo nitakiita kitangulizi. Zamani sana, katika Kilatini cha watu wa kawaida, kitangulizi hicho kilikuwa neno la kuonyesha kwa kidole, kama "kile" au "yule". Ni kama kwamba Mtaliano hasemi "kitabu changu", bali "kile kitabu changu". Kila kitu chako, kabla hujakiita chako, wakinyooshea kidole: saa, kalamu, kazi, mji, hata rafiki. Rafiki yangu ni "il mio amico".

Isipokuwa ndugu. Baba yangu ni "mio padre", mama yangu ni "mia madre", kaka yangu ni "mio fratello", mke wangu ni "mia moglie". Hapa kitangulizi hutoweka na kidole hushuka. Mtu wa nyumbani haonyeshwi kama kitu kilichotengwa rafuni. Anatajwa tu, kama anavyotajwa kwa jina lake.

Na hili pia si geni kwetu. Tunasema "kiti changu" na "kalamu yangu", maneno mawili yaliyosimama kila moja peke yake. Lakini tukifika kwa watu wetu wa ndani, maneno hukaribiana mpaka yakaungana: babangu, mamangu, mwanangu, nduguye, mkewe, mumewe. Mtaliano huondoa kinachotenganisha, Mswahili hushona. Makusudio yanaonekana kuwa mamoja.

Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba aliyependa kuandika kwa wino mwekundu, alitupa zoezi la kuandika sentensi sita juu ya watu wa nyumbani kwetu. Niliandika juu ya baba, mama na dada zangu watatu, zikatimia sentensi tano. Ya sita ilinikawiza. Hatimaye nikafungua kamusi, nikatafuta neno, nikaandika kwamba "mio fratellastro" analima mahindi.

Daftari liliporudi, mbele ya sentensi hiyo palikuwa na kitangulizi cha wino mwekundu: "il". Nilipomwuliza kwa nini, maana huyo naye ni ndugu, alinijibu kwa upole kwamba kanuni ya kukiacha kitangulizi ni kwa ndugu anayetajwa mmoja, tena kwa jina tupu. Ukilibadilisha jina hilo, au ukiliongezea sifa, kitangulizi hurudi. Ukisema "mio fratello", basi. Ukisema ndugu yangu mpenzi, au ndugu yangu wa namna fulani, kidole kinanyanyuka tena. Na kwa maneno ya ndugu wa kambo wengi hukiweka kitangulizi, ingawa wapo wasiokiweka.

Kisha akaongeza, kama kitu kidogo cha kunifaidisha, kwamba nikiangalia mkia wa neno lile, "-astro", nitaukuta katika maneno mengine. Niliuangalia. "Poetastro" ni mshairi uchwara. "Medicastro" ni tabibu uchwara. Nami nilikuwa nimemwandika mtoto wa baba yangu kuwa ndugu uchwara.

Lazima sasa nieleze alikuwa nani. Kabla ya kuturudia nyumbani moja kwa moja, baba alifanya kazi miaka kadhaa katika mashamba ya chai ya Mufindi, na huko alizaa na mwanamke mwingine. Hatukujua. Siku moja mwaka 1967, mimi nikiwa na umri wa miaka 11, alifika nyumbani kwetu bibi mmoja mzee, ameshika mkono wa mtoto wa miaka sita na kifurushi kimoja. Mama wa mtoto alikuwa amefariki. Baba alitazama chini. Mama yangu alitazama kwanza kifurushi, halafu baba, halafu mtoto. Akaenda ndani akarudi na bakuli la ugali na maharage, akamketisha karibu na moto, akasema, "Kula, mwanangu."

Sikumbuki kama siku hiyo au siku nyingine yoyote alipata kumwita kwa neno jingine. Na hebu fikiri ni nani katika nyumba ile aliyekuwa na haki zaidi ya kuongeza neno. Ni nani aliyekuwa na sababu ya kusema "mtoto wa mume wangu", au "mtoto wa yule mwanamke"? Yeye hakuongeza. Walioongeza ni sisi watoto. Kwetu alikuwa "yule wa Mufindi". Tulipokua na kupata adabu, akawa "ndugu yetu wa kwa baba". Adabu ilibadilisha maneno, haikuyapunguza.

Sasa ninamsikia msomaji makini akinizuia, na ana haki. Je, si hatari kuigeuza sarufi kuwa mahubiri? Kweli ni hatari. Kanuni niliyoieleza ina matundu mengi. Ndugu wakiwa wengi, kitangulizi hurudi: kaka zangu ni "i miei fratelli", na hakuna anayewapenda kaka wawili pungufu ya mmoja. Neno "loro", yaani -ao, halikiachi kamwe: baba yao ni "il loro padre". Tena ukisema dada yangu kwa jina la kumdekeza, "la mia sorellina", kitangulizi kimo, na neno lenyewe ni tamu kuliko lile lisilo nacho. Huko Perugia niliwasikia watu wazima wakisema "il mio babbo", na babbo, kama unavyolisikia, halikuhitaji kamusi kwangu. Hapo kitangulizi hakikuwa baridi hata kidogo. Wajuzi wa lugha wanaeleza kwamba majina ya ukoo huacha kitangulizi kwa sababu tu yanafanya kazi kama majina ya watu, na jina la mtu anayejulikana halihitaji kuonyeshwa. Maelezo hayo yananitosha. Sarufi haina dhamiri. Mwenye dhamiri ni msemaji, na sarufi humshika msemaji pale anapodhani hakuna anayemwona.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Kuitwa "wangu" bila nyongeza si mara zote heri. Mume anayempiga mkewe naye husema, majirani wakiingilia, "Ni mke wangu!" Hasemi uongo wa sarufi. Amelitumia neno lile lile alilolitumia mama yangu kwa mtoto wa Mufindi, lakini yeye amelitumia kama mtoto mwenye kikombe. Basi neno halitoshi. Inatupasa tuulize linachukuliwa kwa maana gani.

Nikachunguza, nikaona kwamba wengi wetu tunadhani maana ya asili ya neno hili ni kumiliki, na kwamba matumizi mengine ni ya kuazima tu. Lakini hesabu, msomaji, mambo unayoyaita yako kwa siku moja. Mwalimu wangu: simmiliki. Mwajiri wangu: afadhali angesema yeye kwamba ananimiliki. Kijiji changu, foleni yangu, ugonjwa wangu, deni langu, kosa langu. Katika haya hakuna ninachoweza kukiuza. Neno linasema tu kwamba kati yangu na kitu hiki pana kamba. Halisemi nani amefunga na nani amefungwa.

Waitaliano nao wana njia ya kuonyesha kamba hiyo. Kwa kawaida neno la kumiliki hutangulia jina, lakini katika semi chache hulifuata, na kitangulizi huondoka. "La mia casa" ni nyumba yangu, ile yenye ukuta na paa. "Casa mia" ni kwangu, kama sisi tusemavyo kwangu au kwetu. Nyumba yaweza kupigwa mnada, lakini kwetu hakupigwi mnada. Na kwa namna hiyo hiyo husema "colpa mia", kosa ni langu. Nimependa daima kwamba kwao, nyumbani na kosa huchukua sura moja: vitu viwili ambavyo mtu mwingine hawezi kukubebea.

Na yaliyo yetu kabisa, lugha hizi mbili hazijisumbui hata kuyadai. Mtaliano hasemi anaosha mikono yake. Husema "mi lavo le mani", kama sisi tusemavyo nanawa mikono. Sisemi nimevunjika mguu wangu, maana ungekuwa wa nani? Kinachohitaji kudaiwa kwa sauti ni kile ambacho chaweza kuwa cha mwingine. Ndiyo maana naona kwamba pale neno "langu" linaposemwa mara nyingi na kwa kelele, mara nyingi pana ugomvi wa shamba.

Basi tuingie shambani.

Katika masomo ya Perugia tuliambiwa habari moja ambayo sijaisahau. Mwaka 960, katika mji wa Capua kusini mwa Italia, palikuwa na kesi ya ardhi baina ya monasteri ya Montecassino na mtu mmoja aliyeitwa Rodelgrimo, aliyedai kwamba mashamba fulani ni yake kwa urithi. Hakimu Arechisi alitaka mashahidi. Hati yote iliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi, lakini maneno ya kiapo cha mashahidi yaliandikwa kama yalivyotamkwa na watu. Wakasema kwamba wanajua kuwa ardhi zile, katika mipaka ile, upande wa Mtakatifu Benedikto umezishika kwa miaka thelathini. Sentensi hiyo fupi huhesabiwa kuwa hati ya kuzaliwa kwa lugha ya Kitaliano. Katika maandishi, Kitaliano kilifungua kinywa kwa mara ya kwanza kusema shamba hili limeshikwa na nani.

Kilichonivuta zaidi ni hoja yenyewe. Ushindi haukupatikana kwa kupaza sauti "ni letu". Waliitwa watu wengine, mmoja mmoja, wakashuhudia miaka. Kwa vitu, basi, "changu" ni neno ambalo wengine hunithibitishia. Mimi nadai, jirani anashuhudia, hakimu anaandika.

Baba alifariki mwaka 1994. Baada ya arobaini, wazee wa ukoo walikaa chini ya mti kugawa alichoacha: ekari tisa za mlimani, na vinyungu vilivyoko bondeni kandokando ya kijito. Dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Mimi nilikuwa mjini nafundisha. Aliyekuwa akilima ekari zile, akipanda mikaratusi mpakani, akiuza gunia la mahindi ili baba apate dawa, alikuwa ni yeye. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka 17 tangu alipomaliza shule ya msingi. Majirani wote walijua. Mashahidi wa Capua hawakuwa na ujuzi bora kuliko wao.

Baba mdogo akanigeukia mimi, mtoto wa kwanza wa kiume, tena msomi, akaniuliza mbele ya wote: "Huyu ni nani wenu?"

Lilikuwa swali la kikao, la utaratibu tu. Kila mmoja pale alijua jibu. Lakini lilitakiwa lisemwe, na litakavyosemwa ndivyo watakavyogawa. Nilikuwa na maneno mawili ya kusema: ndugu yetu. Nikasema, "Ni ndugu yetu wa kwa baba."

Sikusema uongo, na hilo ndilo lililonitesa baadaye. Ilikuwa kweli tupu, ya kuapiwa. Lakini zipo kweli zinazosemwa ili kumjulisha mtu asichokijua, na zipo zinazosemwa ili kumweka mtu mahali pake. Hapakuwa na mtu mmoja chini ya mti ule aliyehitaji kujulishwa. Wazee walilipokea neno langu la ziada kama lilivyokuwa, mlango uliofungwa nusu. Akapewa ekari moja ya mlimani na sehemu ya kinyungu. Nyingine tukagawana sisi, na kubwa ikawa yangu.

Alisimama, akasema, "Ahsanteni, wazee." Kisha akanitazama akasema, "Ahsante, mwalimu." Tangu alipokuwa na miaka sita alikuwa akiniita kaka.

Usiku ule nilimfuata mama jikoni. Hakuwa ameulizwa lolote kikaoni, maana wanawake walikaa pembeni. Alikuwa anachochea moto. Bila kugeuka alisema kwa lugha yetu, nami ninafasiri: "Mimi nimezaa mara nne, na wanangu ni watano. Wewe uliyesoma, nihesabie ni wapi nimekosea."

Nilikuwa na la kumwambia? Miaka saba kabla ya hapo, katika jumba lile la Perugia, wino mwekundu ulikuwa umekwisha kunionyesha ni nini hutokea neno moja linapoongezwa mbele ya ndugu. Nilikuwa nimelifurahia somo lile. Nilikuwa hata nimewasimulia wanafunzi wangu wakacheka kwa ile "ndugu uchwara". Na siku ya kulitumia ilipofika, nilisema kama asiyesoma kitu. Ninaliweka hili kwenye karatasi kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba kulielewa jambo ni kulitenda. Akili yangu ilikuwa imeelewa mwaka 1987. Mdomo wangu ulikuwa bado wa mtoto wa miaka 11.

Mwaka 1997 nilirudi kijijini nikiwa na mwenyekiti wa kijiji na karatasi, nikampimia nusu ya sehemu yangu. Dada mmoja hakupendezwa, na mpaka leo tunasalimiana kwa uangalifu. Yeye aliipokea ardhi, akatia dole gumba, akanikaribisha chakula. Mkewe alinichinjia jogoo. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani akanibebea mkoba, akasema, "Safari njema, mwalimu."

Nilichotarajia nilikijua wakati ule tu kilipokosekana. Nilikuwa nimepeleka ekari ili nirudi na neno. Ndipo nikaelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, tofauti iliyopo kati ya wangu wa vitu na wangu wa watu. Shamba likirudishwa limerudi, jirani ameshuhudia, hati imepigwa muhuri. Lakini "ndugu yangu" si neno la kinywa kimoja. Linasemwa na wawili, au halijasemwa bado. Mimi naweza kuliondolea nyongeza upande wangu. Upande wake ni wake, na nikimdai, nitakuwa nimerudi kwenye kikombe. Yule mume anayepiga kelele "ni mke wangu" hakosei neno. Hukosea kwa kudhani amelisema lote yeye peke yake.

Mwaka 2011 aliugua mapafu, nikampeleka hospitali usiku. Mama alikuwa amekwisha kutuacha miaka minane. Pale mapokezi binti mmoja mwenye daftari aliniuliza, bila kuinua macho, swali lile lile la baba mdogo: "Wewe ni nani wake?"

"Nduguye," nikasema. Akaandika. Hakuuliza wa wapi wala wa namna gani. Alikuwa na wagonjwa wengine wanaomsubiri. Yeye alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho yamefumbwa. Sijui kama alisikia.

Alipona. Bado analima. Wanawe huniita baba mkubwa, na hilo wamelipata kwake, maana mimi sikuwafundisha. Yeye mwenyewe bado ananiita mwalimu. Waitaliano wana msemo wa kumkaribisha mtu kundini, "è dei nostri", maana yake huyu ni mmoja wetu. Siku hizi nikiwa ninazungumza na wageni nyumbani kwangu naye akatokea mlangoni na kofia yake mkononi, husimama nikasema kwa Kiswahili changu: "Huyu ni ndugu yangu." Halafu ninafunga mdomo, kabla neno jingine halijaponyoka.